Somo kwa Madereva: Kitufe cha O/D na Mteremko wa Bugarama



Somo la leo ni la madereva wa magari ya kampuni. Lakini wewe unayepanda nyuma kwenda zamu, lisome pia, maana roho yako imo ndani ya gari hilohilo.

Bugarama, huko Burundi, iko juu kupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko mita 800 hivi. Kati yake ni kilomita 35 tu, na karibu zote ni kona na mteremko. Huko ndiko dereva mwenzetu alikopata mkasa. Alikuwa akiwashusha wafanyakazi tisa wa chai katika basi dogo la otomatiki. Breki zikaanza kunuka, kanyagio likawa linazama. Kwa bahati akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima na hakuumia mtu. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara kulipia breki zilizoungua. Kosa lake lilikuwa nini? Alitii tangazo lililobandikwa ndani ya gari: O/D isizimwe kamwe, tunapoteza mafuta.

Basi tujifunze, ili tujue nani alikosea.

1. O/D ni nini?

Magari mengi ya otomatiki yaliyotoka Japani yakiwa yametumika yana gia nne za kwenda mbele. Ile ya nne ndiyo ovadraivu, na kitufe chake kiko kwenye mkono wa gia. Katika gia ya tatu, shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka sawa na injini. Katika gia ya nne, shafti ikizunguka mara 10 injini huzunguka mara 7 hivi. Kwa hiyo, kwa mwendo uleule, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hushuka mpaka 2,100. Inakunywa mafuta kidogo, kelele zinapungua, nayo haichakai upesi.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama. Katika gia hiyo nguvu ya kuvuta hupungua, na nguvu ya injini ya kulizuia gari mteremkoni hupungua vilevile. Shika neno hili la mwisho, ndilo kiini cha somo.

2. Taa inasema nini?

Hapa wengi hukosea. Taa ya O/D OFF ikiwaka, maana yake ovadraivu imezimwa na gari litaishia gia ya tatu. Taa isipoonekana, ovadraivu iko tayari kufanya kazi. Taa ikipepesa bila wewe kubonyeza kitu, katika magari mengi ni dalili ya ubovu. Mwone fundi.

3. Lini uiache ifanye kazi?

Karibu siku zote. Katika barabara ya tambarare kando ya ziwa, kama ile ya kwenda Rumonge, iache. Mjini pia iache. Ukienda polepole giaboksi yenyewe haitaingia gia ya nne. Anayezima O/D siku nzima bila sababu anapoteza mafuta kweli, na hapo mwajiri akilalamika ana haki.

4. Lini uizime?

(a) Unapopanda mlima mrefu au una mzigo mzito, ukaona gia inaruka tatu, nne, tatu, nne. Kurukaruka huko huongeza joto, na joto huharibu mafuta ya giaboksi.

(b) Unapovuta trela.

(c) Unaposhuka mteremko mrefu. Punguza mwendo kwa breki kabla ya kuanza kushuka, kisha zima O/D. Mteremko ukiwa mkali, weka 2, na ukizidi weka L, lakini usiziingize gia hizo ukiwa kasi. Madereva wa zamani walisema gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Injini ikishika gari, breki hupumzika. Ukiziachia breki kazi yote, zitapata moto, mafuta yake yatachemka, na kanyagio litazama bila kushika kitu.

Gari lisilo na kitufe hiki huwa na alama nyingine, kama S, B au L. Jifunze za gari lako kabla hujafika mlimani.

5. Je, nyutro huokoa mafuta?

Mafuta yanapokuwa haba, wengine hushuka na nyutro. Usifanye hivyo. Injini nyingi za siku hizi hukata mafuta zenyewe ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia. Ukiwa katika nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo hukuokoa kitu, na umebaki na breki peke yake. Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi: usukani na breki vyote huwa vizito.

6. Shauri letu liliishaje?

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani; hakuna aliyeweza kukisoma, si sisi wala ofisi. Tukamwomba fundi wa karakana ashuke pamoja na meneja mteremko mfupi, mara ya kwanza O/D ikifanya kazi, mara ya pili ikiwa imezimwa. Meneja akahesabu mwenyewe mara ngapi breki zilikanyagwa. Hatukuhitaji kugombana. Tangazo likabanduliwa, na fedha za dereva zikarudishwa. Tukaandikiana pia kwamba mlimani anayechagua gia ni dereva, na breki zikaguliwe kabla ya safari.

Ndugu, angalieni: dereva huyu alijua mteremko ule kuliko aliyeandika tangazo. Kilichokosekana ni kujua maelezo ya kujitetea. Mfanyakazi anayejua kazi yake na sababu zake hakatwi mshahara kirahisi.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Taa ya O/D OFF inawaka. Ovadraivu inafanya kazi au haifanyi?
2. Ni mteremko gani katika njia yenu ya zamu unaohitaji O/D izimwe?
3. Breki zikianza kunuka, nani ana amri ya kusimamisha gari? Je, imeandikwa?