MKOJO, SHAHIDI WA DAMU

Wanafunzi wameniuliza kwa nini daktari akitaka kujua habari za damu pengine huomba mkojo. Swali ni zuri, na jibu lake lina elimu ya viumbe, kemia na hesabu pamoja.

Katika damu yetu mna chembe ndogo sana, zisizo na kiini, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha. Mshipa ukikatwa, chembe hizo huamka, hushikamana, na kutoa kitu kiitwacho thromboksani A2, nacho huziamsha nyingine. Bengt Samuelsson na wenzake wa Uswidi walikieleza kitu hiki mwaka wa 1975. Jerahani kazi hiyo ni njema. Lakini ikitokea ndani ya mshipa wa moyo uliochakaa, damu huganda pasipotakiwa, na mtu aweza kufa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa moyo hupewa aspirini kidogo kila siku. Aspirini huizuia chembe isitengeneze thromboksani maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10.

Je, tutajuaje kama dawa inafanya kazi? Thromboksani A2 haidumu; nusu yake hugeuka kwa sekunde 30 hivi. Tena, sindano ya kutoa damu yenyewe ni jeraha: huziamsha chembe, na kipimo kikaonyesha kazi ya sindano badala ya ugonjwa. Lakini mabaki yake, hasa 11-dehidro-thromboksani B2, huchujwa na figo na kutoka katika mkojo. Huyo ndiye shahidi wetu.

Lakini shahidi huyu ahojiwe vizuri. Tia kijiko kimoja cha sukari katika bilauri ya maji, na kingine katika ndoo. Sukari ni ile ile, utamu si ule ule. Vivyo hivyo, aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi, na mabaki huonekana machache.

Ziko njia mbili za kuondoa kosa hili. Ya kwanza ni kukusanya mkojo wote wa saa 24. Ule wa kwanza humwagwa na saa kuandikwa. Unaofuata wote huwekwa, pamoja na wa mwisho kesho yake saa ile ile. Njia hii ni ya haki, ila ni ya taabu: mtu akisahau mara moja tu, hesabu imeharibika.

Ya pili ni kuchukua mkojo wa mara moja na kupima pia kreatinini, takataka ya misuli itokayo kwa kiasi karibu sawa kila siku. Tuseme kwa saa moja hutoka vipimo 100 vya mabaki na 50 vya kreatinini. Katika mililita 50 za mkojo, kila mililita ina 2 na 1. Katika mililita 200, ina 0.5 na 0.25. Gawanya: mara zote mbili jibu ni 2. Maji hayakutudanganya.

Hata hivyo, mzee aliyekonda ana misuli michache. Kreatinini yake ikiwa 25, jibu litakuwa 4, ingawa mabaki ni yale yale 100. Uvutaji wa sigara nao huongeza mabaki, na chembe nyingine za mwili hutoa thromboksani kidogo. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mgonjwa. Yafaa kirudiwe, kwa njia ile ile, na aulizwe kwanza kama alimeza dawa yake.

Hili si jambo dogo. Daktari akiongozwa na kipimo kibovu akazidisha aspirini, mgonjwa aweza kutokwa damu tumboni. Akiiacha bila sababu, moyo waweza kusimama. Basi, vijana, mkiingia maabara msiulize tu, "Jibu ni ngapi?" Ulizeni pia, "Lilipatikanaje?"