Kupiga kambi Ziwa Turkana

SWALI: Sisi ni vijana wanne, wawili wa Lodwar na wawili wa Kakuma. Twende Kisiwa cha Kati kulala wikendi?

JIBU: Nendeni, ila anzeni na upepo. Ule wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha hupungua baadaye mchana. Mwenye mashua wa Kalokol akisema subirini, subirini. Usibishane na mtu aliyezeekea majini. Hema nalo, vigingi vifupi havishiki mchangani: jazeni magunia mchanga, myafukie, mfunge kamba hapo.

Kisiwa ni mbuga ya taifa, hivyo ongeeni na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kuondoka. Kina maziwa matatu ndani ya kreta za volkeno, na mamba huzaliana humo. Kuogelea msahau. Maji ya ziwa yana magadi, hivyo bebeni ya kunywa, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Na viatu vikung'uteni asubuhi. Nge hupenda joto la soksi.

Wenzenu wa Kakuma, kama ni wakimbizi, waombe kibali cha kusafiri mapema, wala si Ijumaa jioni.

Mfuko ukiwa mwepesi, mimi ningechagua Eliye, ufukweni mwa ziwa: chemchemi za maji matamu, kivuli cha mikoma, na hakuna mashua ya kulipia. Ila msipige hema ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua ya milimani haiwapigii hodi.