Kishikwambi Kipya na Kazi ya Mwalimu: Je, Kubadili Kunafaa?

Madhumuni ya somo hili

Mwanachuo atakapomaliza kulisoma somo hili yampasa aweze:
(a) kutaja sehemu kuu za kishikwambi na kueleza kila sehemu inasaidia nini katika ufundishaji;
(b) kulinganisha kishikwambi cha zamani na kipya kwa kutumia andalio la somo, wala si kwa kutumia tangazo la biashara;
(c) kutoa uamuzi wenye sababu juu ya kubadili au kutobadili chombo.

Utangulizi

Vishikwambi si vitu vigeni tena katika shule zetu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipeleka zaidi ya vifaa milioni 1 vya namna hii katika shule za msingi. Hivyo mwalimu anayetoka chuoni leo hana budi kukijua chombo hiki kama vile wenzake wa zamani walivyojua ubao, chaki na redio.

Lakini chombo hiki kina tabia moja ambayo ubao hauna. Kila mwaka au miaka miwili mtengenezaji hutoa kingine, akasema kuwa kipya kina kasi zaidi, kioo kikubwa zaidi na kamera bora zaidi. Maneno hayo mara nyingi ni ya kweli. Swali la mwalimu, hata hivyo, ni jingine kabisa: je, ubora huo unamfikia mtoto aliyekaa dawatini?

Swali hili si la anasa. Mwalimu mmoja niliyepata kumfundisha alinijia akiwa na kishikwambi kipya alichokinunua kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, mkopo wa miezi kumi na minane. Nilipomwuliza kile cha kwanza kilikuwa na kosa gani, alijibu kuwa kilikuwa kizito kufungua masomo. Tulikiwasha pamoja. Hifadhi yake ilikuwa imejaa picha za harusi na video alizotumiwa na jamaa. Tulipoziondoa, kikafanya kazi vizuri. Zaidi ya hayo, kile kipya hakikuwa na tundu la kuchomekea spika, na spika hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia kuwasikilizisha hadithi wanafunzi wake wa Darasa la Pili. Kwa hiyo alikuwa amekopa fedha ili apunguze uwezo wa somo lake. Hakuwa mzembe, hakufundishwa tu namna ya kupima.

Chombo na mafunzo

Kabla ya kupima sehemu za chombo, yafaa tukumbuke nafasi ya chombo katika mafunzo. Historia inatupa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa hapa nchini. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hawakushiriki kwa sababu redio za mwaka ule zilikuwa bora kuliko za mwaka uliotangulia. Walishiriki kwa kuwa palikuwa na vikundi vya kusikiliza, vitabu vya kufuatia kipindi, na viongozi wa vikundi waliofunzwa kuongoza mazungumzo na kazi iliyofuata. Redio ilileta sauti; mpango ndio ulioleta mafunzo.

Mfano wa pili unatoka Peru. Watoto wa shule za msingi vijijini waligawiwa kompyuta ndogo za mkononi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na Inter-American Development Bank, uliofanywa katika shule 319, ulionyesha kuwa baada ya miezi 15 hapakuonekana maendeleo zaidi katika alama za hesabu na lugha kuliko katika shule zisizopewa. Yalionekana mafanikio kidogo katika stadi za jumla za kufikiri, lakini si katika masomo yenyewe. Ikiwa kutoka kutokuwa na chombo hadi kuwa nacho hakukutosha kupandisha alama, basi mwalimu hana budi kuwa na shaka anapoambiwa kuwa kutoka chombo kizuri hadi kizuri zaidi kidogo kutaligeuza darasa lake.

Sehemu za chombo na maana yake darasani

Ili tusiseme kwa kukisia, tuchukue mfano wa chombo ambacho vipimo vyake vinajulikana wazi, yaani iPad ya kawaida ya kampuni ya Apple. Tunaichukua kwa ajili ya zoezi tu. Mwanachuo mwenye chombo cha kampuni nyingine atafuata njia ile ile.

Toleo la 9, lililotolewa mwaka 2021, liliuzwa Marekani kwa dola 329. Toleo la 10 la mwaka 2022 liliuzwa kwa dola 449, yaani nyongeza ya dola 120. Hebu tuone nyongeza hiyo ilinunua nini.

1. Kioo. Kilikua kutoka inchi 10.2 hadi inchi 10.9. Ukipiga hesabu ya eneo, ongezeko ni kama sehemu moja kwa kumi. Nukta za kioo ni 264 kwa kila inchi katika matoleo yote mawili. Maana yake herufi hazikuwa kali zaidi. Kwa mwalimu anayesoma peke yake mezani, nafasi hiyo ni faraja. Kwa darasa la watoto sitini, mtoto wa dawati la nyuma hakuona kioo cha kwanza na hataona cha pili. Picha kubwa iliyochorwa kwenye karatasi ya manila itamfaa kuliko vyote viwili.

2. Kichakataji. Hii ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote za chombo, na ndiyo inayosifiwa zaidi katika matangazo. Toleo la 9 lina kichakataji A13, na la 10 lina A14. Tufanye hesabu ya mfano: tuseme kufungua faili kulichukua sekunde 15, na sasa kunachukua sekunde 5. Ukifungua faili mara 4 katika kipindi, umeokoa sekunde 40. Kipindi cha dakika 40 kina sekunde 2,400. Umeokoa sehemu moja katika sitini, na hiyo ni chini ya muda unaopotea wakati wa kugawa madaftari.

3. Kamera. Kamera ya nyuma ilipanda kutoka megapikseli 8 hadi 12. Mwalimu huitumia hasa kupiga picha za kazi za wanafunzi. Ukurasa wa ukubwa wa A4 unasomeka vizuri kwa megapikseli 4 hivi. Megapikseli 8 zilikuwa zimekwisha kutosha.

4. Betri. Kampuni ilitaja muda ule ule kwa matoleo yote mawili, yaani hadi saa 10. Hapa hapakuwa na faida yoyote ya kulipia.

5. Hifadhi. Toleo la bei ya chini lilibaki na gigabaiti 64 kwa yote mawili. Jambo hili ni zito. Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa huhifadhi vitabu, picha na video ndani ya chombo chenyewe. Ikijaa, chombo hukosa pa kupumulia.

6. Matundu. Toleo la 9 lilitumia waya wa Lightning, nalo la 10 likahamia USB-C, waya unaotumiwa pia na simu nyingi. Katika shule yenye soketi moja ofisini, waya mmoja kwa wote ni msaada wa kweli. Lakini toleo la 10 liliondoa tundu la milimita 3.5 la spika na visikizi. Mwalimu wa lugha lazima alifikirie jambo hili kwa makini, kwa kuwa usikilizaji ni stadi ya kwanza ya lugha.

Tunaona basi kwamba yale yaliyosifiwa sana yalikuwa na faida ndogo darasani, na yale yaliyotajwa kwa sauti ya chini, kama vile hifadhi na tundu la spika, ndiyo yaliyomgusa mwalimu.

Machi 2025 lilitoka toleo lenye kichakataji A16, kwa dola 349, likiwa na gigabaiti 128. Hapa hukumu inaanza kubadilika. Hifadhi ni mara mbili, na bei iko karibu na ile ya mwaka 2021. Anayenunua kwa mara ya kwanza amepata chombo cha kutosha kwa miaka mingi. Anayetoka toleo la 10 hapati mengi zaidi ya hifadhi. Anayetoka toleo la 9 anapata hifadhi na waya wa USB-C, lakini anapoteza tundu la spika. Chombo ni kile kile kimoja. Hukumu ni tatu, kwa sababu walimu ni watatu na kila mmoja anatoka mahali pake.

Hatua za kupima

Mwanachuo na afuate hatua hizi kwa mpangilio:

Hatua ya kwanza. Chukua maandalio ya masomo ya juma moja. Piga mstari chini ya kila tendo linalohitaji kishikwambi. Usipopata matendo zaidi ya matatu, ishia hapo. Tatizo lako halimo katika chombo.

Hatua ya pili. Fundisha juma hilo kwa chombo cha zamani. Andika kila kilipokukwamisha, na kwa dakika ngapi.

Hatua ya tatu. Tafuta chanzo cha kila kikwazo. Je, ni hifadhi kujaa? Waya uliochakaa? Programu isiyosasishwa? Betri iliyochoka? Vingi kati ya hivi hutibika. Kuhusu betri, kampuni iliyotajwa hapo juu inasema betri za iPad zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Ukichaji mara 200 kwa mwaka, hiyo ni miaka 5. Betri ikichoka, ulizia kwanza gharama ya kubadili betri, kisha bei ya chombo kizima.

Hatua ya nne. Andika vikwazo visivyotibika. Orodha hiyo tu ndiyo ulinganishe na sifa za chombo kipya.

Hatua ya tano. Piga hesabu ya gharama yote: bei, kasha, chaja, waya, na riba ya mkopo kama upo. Kisha jiulize fedha hizo zingenunua nini kingine: vitabu vya kusoma, kadi za herufi, au paneli ndogo ya jua ya kuchajia vyombo vilivyopo.

Wakati kubadili kunapofaa

Isidhaniwe kuwa somo hili linafundisha kung'ang'ania vya zamani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hapana mkulima anayelima kwa jembe lisilo na mpini. Kubadili kunafaa katika hali hizi:

(a) Mtengenezaji ameacha kutoa masasisho, na programu unayoitegemea imekataa kufanya kazi. Kwa mfano, iPad toleo la 7 la mwaka 2019 halikupewa mfumo wa iPadOS 26 uliotolewa Septemba 2025. Hata hivyo chombo cha namna hiyo hakifi siku ile. Kinaweza kuendelea kusomea vitabu na kusikilizia hadithi zilizokwisha kuhifadhiwa ndani yake.

(b) Gharama ya matengenezo inakaribia bei ya chombo kingine.

(c) Darasani mna mtoto mwenye uoni hafifu au ugumu wa kusikia, na chombo kipya kina uwezo wa kumsaidia ambao cha zamani hakina. Hapa mtoto mmoja anatosha kuwa sababu. Hata hivyo angalia kwanza mipangilio ya chombo ulicho nacho, kwa maana kukuza maandishi na kusomewa kwa sauti huwamo katika vyombo vingi vya zamani bila mwenyewe kujua.

Tena ikumbukwe kuwa chombo kilichoachwa hakitoweki. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizoandikwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwalimu anayewafundisha watoto usafi wa mazingira awe wa kwanza kutafuta pa kukipeleka chombo chake cha zamani.

Hitimisho

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ukichanika, tafuta mwingine bila kuona haya; lakini kwanza uukunjue, uutazame, uhakikishe kuwa umechanika kweli. Uamuzi wa kununua uanzie katika andalio la somo na umalizikie katika daftari la mwanafunzi. Mwalimu asiyeweza kutaja tendo moja la mtoto litakalokuwa bora kwa sababu ya chombo kipya, huyo bado hajapata sababu ya kukinunua.

Mazoezi

1. Chagua kishikwambi kimoja kilichopo chuoni na kingine kipya kinachouzwa mjini kwenu. Linganisha sehemu sita zilizotajwa katika somo hili, na mbele ya kila sehemu uandike tendo moja la darasani linalohusika.
2. "Kasi ya kichakataji ndiyo sifa kuu ya kishikwambi cha mwalimu." Jadilini kwa vikundi, kila kikundi kikitoa mfano wa kipindi halisi.
3. Shule ina vishikwambi vitano vyenye hifadhi iliyojaa na soketi moja tu ya umeme. Kamati ya shule imepata fedha za kununua kishikwambi kimoja kipya. Iandikie kamati barua ya ukurasa mmoja, uishauri ifanye nini na kwa nini.