Kutoka Tunda hadi Tervuren: siku moja kwenye makumbusho ya Afrika

Safari yangu ya Ubelgiji ilianzia Kindu, kwenye baraza la mzee mmoja Mlega mwenye asili ya Pangi. Sisi wa Tunda, upande wa Kibombo, hatukulelewa ndani ya Bwami, chama cha Walega chenye ngazi zake, kinachopokea wanaume na wanawake. Nilikuwa nimeona picha za vinyago vyao vidogo viitwavyo lukwakongo: uso mweupe wa udongo, macho membamba, ndevu ndefu za nyuzi. Nilikwenda kumuuliza kabla sijauliza bei ya tiketi.

“Baba, hivi walikuwa wakivivaa usoni?”

“Si lazima, mwanangu. Kimoja kinashikwa mkononi, kingine kinafungwa kwenye mkono, kingine kinatundikwa kwenye uzio. Na kuna wakati kinaburutwa chini kwa ndevu zake. Ukifika kule, angalia ndevu kwanza.”

Niliandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Msafiri wa kwetu Maniema anayetaka kwenda Tervuren, mji mdogo nje ya Brussels yaliko makumbusho ya Afrika, aanze hivyohivyo: akusanye maswali kumi kwa wazee wa kwao. Maandishi ya ukutani yako kwa Kifaransa, Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza. Maneno ya wenye vitu atakwenda nayo mwenyewe.

Visa ndiyo inayokula muda. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Anayeomba mara ya kwanza hutoa alama za vidole yeye mwenyewe. Kwa mtu wa Tunda hiyo ni pikipiki hadi Kindu, kisha ndege hadi Kinshasa. Ajiwekee akiba ya wiki kadhaa, maana barabara ya mvua haijui tarehe ya miadi.

Akifika Brussels, siku ya makumbusho isiwe Jumatatu, kwa sababu siku hiyo hufungwa. Apande metro namba 1 hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 hadi mwisho wa reli. Tramu hiyo inapita katikati ya msitu, na njia yake ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya 1897, Mfalme Leopold II alipotaka kuwaonyesha Wabelgiji mali ya Kongo. Jumba lenyewe, kazi ya msanifu Charles Girault, lilifunguliwa 1910. Lilifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018.

Asijaribu kuona kila kitu. Vitu vya utamaduni peke yake vinapita laki moja, na vinavyowekwa mbele ya wageni ni sehemu ndogo tu. Mimi nilichagua vituo vitatu.

Cha kwanza ni mtumbwi. Uko kwenye njia ya chini ya ardhi inayoingia jumbani, umechongwa kwa mti mmoja, urefu wake mita 22.5. Nilitembea kando yake nikihesabu hatua, nikapita thelathini. Aliyezaliwa karibu na mto Lualaba anajua mtumbwi ni nini, lakini mti wa namna hiyo unamfanya asimame.

Cha pili ni kazi za Walega, na hapo ndipo nilipotumia saa nzima. Pembe za ndovu walizomiliki wakubwa wa ngazi ya juu, kindi, zimepata rangi ya asali kwa kupakwa mafuta na kushikwashikwa. Nilikumbuka kwamba serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Nilipofika kwenye kinyago chenye ndevu niliinama, nikaziangalia nyuzi moja moja. Zilikuwa zimechakaa nchani. Ni nini kilichozichakaza, sikuweza kusema; nikaandika swali.

Cha tatu ni ukumbi wenye ukuta wa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo enzi za Leopold. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo kinaangukia ukuta ule. Kwa hiyo mgeni aombe siku ya jua, na kama anga ni safi asubuhi, aanzie huko.

Akitoka, atembee hadi kanisa la Mtakatifu Yohane, hapohapo Tervuren. Kati ya Wakongo 267 waliopelekwa kwenye maonyesho ya 1897, saba walikufa, na makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Nilisoma majina yote kwa sauti. Inachukua nusu dakika.

Na wakati wa kurudi, aache siku moja kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, yaliyofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Huko ndiko Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikokabidhi Kakuungu, kinyago kikubwa cha Wasuku, Juni 2022. Kimekuja kwa mkopo usio na tarehe ya mwisho. Mwaka huohuo serikali ya Kongo ilipokea orodha ya vitu vya Kongo takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Asiyepata visa aanzie Kinshasa. Hiyo pia ni ziara kamili.

Daftari langu lilirudi Kindu na maswali matatu yasiyojibiwa. La kwanza lilikuwa lile la nyuzi. Mzee alivaa miwani, akaitazama picha kwenye simu, kisha akamwita mjukuu wake asogee karibu asikie.