Kovu la Moto Likikaza Kiungo: Jiandae Kabla ya Kumwona Daktari wa Upasuaji

Mtoto amemwagikiwa uji moto mkononi. Kidonda kimepona, lakini miezi michache baadaye kovu linakaza na kuvuta vidole hadi kiganja hakifunguki. Wazazi wengi hudhani hakuna la kufanya tena. Sivyo. Kazi hiyo ni ya madaktari wa upasuaji wa plastiki.

Jina hilo lisikutishe, kwani halimaanishi kwamba mgonjwa atawekwa plastiki. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, lenye maana ya kufinyanga au kuunda. Madaktari hawa hurekebisha makovu ya moto, majeraha ya ajali na midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa.

Uanzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, upate barua ya rufaa. Kovu huchukua mwaka mmoja au zaidi kukomaa, na huenda daktari akakushauri usubiri. Hata hivyo, kovu linalokunja kiungo au kuzuia jicho kufumba lichunguzwe mapema. Mtoto hukua, lakini kovu halinyumbuki kama ngozi ya kawaida.

Beba vitu hivi

• Barua ya rufaa na rekodi za matibabu ya awali.
• Kitambulisho chako, na cheti cha kuzaliwa ikiwa mgonjwa ni mtoto.
• Nambari yako ya usajili wa SHA.
• Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake. Taja pia dawa za mitishamba.
• Picha za jeraha lilivyokuwa mwanzoni, kama unazo kwenye simu.

Mweleze daktari ukweli

Mwambie kama una kisukari, shinikizo la damu, mzio wa dawa yoyote au ujauzito. Taja pia ikiwa wewe au jamaa zako hupata keloidi, yaani makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha. Mara nyingi hurudi baada ya kukatwa.

Ukivuta sigara, usifiche. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi, na kidonda huchelewa kupona. Dawa kama aspirini huongeza uvujaji wa damu, lakini usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kushauriana na daktari.

Maswali ya kuuliza

1. Je, upasuaji ni lazima, au mazoezi ya viungo yatasaidia?
2. Kiungo kitarudi kufanya kazi kwa kiasi gani?
3. Kuna hatari gani, na kovu jipya litakuwaje?
4. Je, upasuaji mmoja unatosha?
5. SHA italipa kiasi gani, nami nitalipa kiasi gani?
6. Nani atamfanyisha mgonjwa mazoezi baadaye, na kwa muda gani?

Yaandike kwenye karatasi, na uandamane na mtu wa kukusaidia kukumbuka majibu. Usitie sahihi fomu ya ridhaa kabla ya kuielewa. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoifahamu, na pia kwenda nyumbani kufikiria.

Hakikisha pia kwamba daktari amesajiliwa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini. Jihadhari na anayekuahidi kufuta kovu kabisa. Upasuaji huweza kulegeza kovu na kuliboresha, lakini hauliondoi lote.

Kuuliza si ujinga. Kiganja kikifunguka, mtoto ataweza kushika kalamu.