Wanamkwepa mwenzao

*Nafundisha darasa la nne, Shinyanga. Mwanafunzi mpya mwenye ualbino anakaa peke yake. Wenzake wanaogopa kuambukizwa. Nifanyeje?*
*Mwalimu M.*

Mwalimu, hofu hiyo watoto wameitoa nyumbani, kwa hiyo viboko havitaiondoa. Kwanza muulize mwanafunzi huyo mpya mwenyewe, faraghani, angependa wenzake waambiwe nini. Kisha waeleze wazi: ualbino hurithiwa kwa wazazi, hauambukizi, ngozi yake ina upungufu wa rangi, na macho yake huona mbali kwa shida. Mhamishie dawati la mbele, pasipopigwa jua, na wenzake wapokezane kumsomea ubaoni. Wazoeze la kusema wakisikia dhihaka: “Acha, huyo ni mwenzetu.” Atakayethubutu, msifu papo hapo. Mwanafunzi huyo mpya akitishwa au akianza kukwepa shule, mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au piga simu ya msaada kwa watoto, 116.