Data za Utafiti: Uzitunze Wapi, Umpe Nani?

Nakala iliyo kwenye laptopu haitoshi?

Haitoshi. Laptopu huibiwa, flashi huingia virusi. Hata mitambo mikubwa huteleza: Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data baada ya programu ya kuhifadhi nakala kufuta mafaili ambayo haikupaswa kuyagusa. Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na moja ikae nje ya jengo unalofanyia kazi. Mkulima aliyeacha shamba kujibu maswali yako hastahili kuulizwa yaleyale mwakani kwa sababu faili limepotea.

Mtu mwingine atalielewaje faili langu?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Safu imeandikwa "s7b", chini yake 1, 2, 2, 9, 1. Aliyeingiza data alijua kwamba 1 ni ndiyo, 2 ni hapana, na 9 ni hakujibu. Mgeni akipiga hesabu huku zile 9 zimo, matokeo yote yamepinda. Andika faili la maelezo siku ileile unayoanza kuingiza data: kila safu ina maana gani, vipimo ni vipi, zilikusanywa wapi na lini. Hifadhi pia nakala ya CSV, maana hufunguka kwa programu karibu yoyote.

Nikishafuta majina, naweza kuzitoa kwa umma?

Subiri kwanza. Mkunga wa miaka 34 katika kijiji chenye zahanati moja hahitaji jina; wanakijiji wote wanamjua. Andika rika badala ya umri, wilaya badala ya kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Soma tena pia fomu yako ya ridhaa. Kama ulimwahidi mhojiwa kwamba majibu yake yataonwa na timu yako tu, ahadi hiyo inakubana, kwa hiyo suala la kushirikisha wengine liingie kwenye fomu kabla hujaenda uwandani.

Nikizitoa, si wenzangu watachapisha kabla yangu?

Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa mwanafunzi ambaye bado hajatoa makala. Lakini unaweza kuziweka kwenye hifadhi na kuzifunga hadi tarehe unayoichagua. Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, haitozi ada na hukupa DOI, namba ya kudumu ya kuzitambulisha data zako. Ukizitoa kwa leseni ya CC BY, anayezitumia analazimika kukutaja.

Ni zangu, za msimamizi au za chuo?

Hutegemea sera ya chuo na mkataba wa mfadhili. Viulizie vyote viwili, kisha wewe na msimamizi mkubaliane kwa maandishi kabla dodoso la kwanza halijajazwa.